Afrika Kusini: Usawa wa Rangi Kazini na Vijana Walio Nje ya Geti

Kila ripoti ya Tume ya Usawa wa Ajira ya Afrika Kusini inapotoka, ugomvi huwa uleule. Wazungu ni takriban asilimia 8 ya nguvu kazi ya nchi hiyo, lakini wameshika zaidi ya asilimia 60 ya nafasi za uongozi wa juu kabisa makazini. Waafrika weusi, ambao ni karibu asilimia 80 ya nguvu kazi, hawajafikia hata robo ya nafasi hizo. Sheria ya kurekebisha hali hiyo ilipitishwa mwaka 1998. Wapo wanaosoma tarakimu hizi na kusema sheria ibanwe zaidi. Wengine wanazisoma hizohizo na kusema imeshindwa, ifutwe.

Wanaoitetea wana historia upande wao. Utawala wa makaburu haukuwabagua watu kwa maneno tu, uliandika sheria. Tangu 1911 kazi za ufundi migodini ziliwekewa mipaka ya rangi, na mwaka 1953 ikaja sheria ya elimu ya Kibantu, iliyomwandaa mtoto mweusi kwa kazi za chini makusudi. Mkurugenzi mwenye umri wa miaka 58 leo alisoma katika miaka ya 1980, wakati shule zilipokuwa bado zimetenganishwa. Tena nafasi za juu mara nyingi hazitangazwi, watu wanaitana. Ukiliachia soko peke yake, waliojuana jana ndio watakaoajiriana kesho. Ndiyo maana marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 1, 2025 yalimpa waziri mamlaka ya kuziwekea sekta malengo ya idadi ya wafanyakazi wa kila kundi, huku kampuni zenye wafanyakazi chini ya 50 zikiondolewa mzigo huo.

Wapinzani nao wasichukuliwe wote kuwa ni watu wanaoulilia ubaguzi wa zamani, ingawa wa namna hiyo hawakosekani. Chama cha wafanyakazi cha Solidarity kimepeleka kesi baada ya kesi mahakamani. Maarufu zaidi ni ya Barnard, ofisa wa polisi mzungu aliyeongoza kwenye usaili lakini hakupandishwa cheo, na nafasi ikaachwa wazi. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba polisi hawakuvunja sheria.

Kwangu mimi, kesi ya 2016 inafundisha zaidi. Idara ya Magereza iliwanyima nafasi waombaji wa jimbo la Western Cape, wengi wao wa jamii ya Coloured, yaani watu wenye asili mchanganyiko, kwa hoja kwamba jamii yao imezidi idadi. Imezidi kwa hesabu ya nchi nzima, ambako Coloured hawafiki hata asilimia 10. Western Cape kwenyewe wanakaribia nusu ya wakazi. Mahakama ikasema idara ilikosea kutazama hesabu ya taifa peke yake. Hawa ni watu ambao nao walibaguliwa na makaburu, na sheria iliyotungwa kuwainua ikatumika kuwafungia njia. Mtu akisema malengo ya idadi yakishikwa kibubusa yanaumiza, anasema jambo lililokwisha kutokea.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu ya mjadala huu. Januari 1964 Nyerere alitangaza kwamba serikali ya Tanganyika inaacha sera ya kuwapendelea Waafrika katika ajira za serikali, raia wote watazamwe sawa. Vyama vya wafanyakazi vilikasirika. Lakini Tanganyika ilikuwa na unafuu ambao Afrika Kusini haina: maofisa wengi wa kikoloni walikuwa wageni wanaorudi kwao, wakiacha viti wazi, na wasomi wa kuvikalia walikuwa wachache mno. Mzungu wa Afrika Kusini ni raia, haendi popote. Na vijana wenye vyeti wako barabarani kwa mamilioni.

Hapo ndipo pande zote mbili zinaponichosha. Wanagombea nani akae ghorofa ya juu wakati ukosefu wa ajira kwa vijana wa miaka 15 hadi 34 umepita asilimia 40. Nao una rangi: kwa watu wa rika zote, Waafrika weusi wasio na kazi wanazidi theluthi moja, wazungu hawafiki asilimia 10. Sheria ya 1998 inapima mgawanyo wa walioajiriwa tayari. Kijana wa Khayelitsha, mtaa wa watu weusi pembezoni mwa Cape Town, anayetumia nauli ya teksi kupeleka wasifu wake mjini hayumo katika jedwali lolote la kampuni.

Uko mpango mmoja unaojaribu kuyaunganisha haya mawili, usawa wa rangi na ajira za vijana: YES (Youth Employment Service), uliozinduliwa na Rais Ramaphosa mwaka 2018. Kampuni inamlipa kijana mweusi, Coloured au Mhindi asiye na kazi mshahara kwa miezi 12, nayo inapandishwa daraja katika alama za uwezeshaji, zinazopima inavyowainua kiuchumi waliobaguliwa zamani, ambazo huisaidia kupata zabuni. Vijana zaidi ya 100,000 wamepitia humo. Ila tazama masharti yake: ili kupanda daraja moja, kampuni inatakiwa kuwapa ajira ya kudumu asilimia 2.5 tu ya vijana hao. Kwa madaraja mawili, asilimia 5. Alama zinabaki na kampuni, vijana wasiobakizwa wanaondoka na barua ya uzoefu.

Waajiri wana jibu, na si la kupuuzwa. Uchumi umekuwa ukikua kwa kusuasua kwa zaidi ya muongo, na wakilazimishwa kubaki na nusu ya vijana, watapokea wachache tangu mwanzo. Barua ya uzoefu pia si bure kwa mtu ambaye hajawahi kuajiriwa. Bado 2.5 ni kiwango cha chini mno kwa zawadi inayotolewa. Ningependa kiwango hicho kipandishwe kwa ngazi: anayebakiza kijana mmoja kati ya kumi apate daraja moja, mmoja kati ya watano apate mawili, na atakayemsaidia kijana kuajiriwa kwa mwajiri mwingine naye ahesabiwe. Hilo halihitaji kuigusa sheria ya 1998 wala kusubiri kesi zilizofunguliwa kupinga malengo ya sekta ziishe. Kanuni za YES zilitangazwa na waziri katika gazeti la serikali, na waziri anaweza kuzibadilisha kwa njia hiyohiyo.