Harusi ya Ufukweni Huanzia Barabarani

Mwezi wa Agosti tulimwozesha mpwa wangu, binti wa dada yangu, katika kijiji cha Kigombe, kwenye pwani iliyo kati ya mji wa Tanga na Pangani. Tangu tuliporudi Dar es Salaam, ndugu na majirani wamekuwa wakiniuliza swali moja: je, ni vyema kuihamisha harusi nyumbani na kuipeleka ufukweni? Jibu langu ni kwamba ni vyema, kwa sharti ambalo sisi hatukulitimiza. Mwenye shughuli akishaamua kuwaita watu baharini, amejitwika safari ya kila mwalikwa pamoja na saa za bahari yenyewe, na mambo hayo mawili yanastahili kujadiliwa na kamati kabla ya mapambo, kabla ya mpiga picha na kabla ya rangi ya sare.

Binti yetu hakuichagua Kigombe kwa ajili ya picha. Mama yangu, yaani bibi yake, alizaliwa hapo, na babu yetu alikuwa mkata mkonge katika mashamba ya upande huo. Ukipita barabara ya Pangani bado utauona mkonge pande zote mbili, mistari iliyonyooka hadi macho yachoke. Zao hilo lina asili karibu na hapo: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Amerika, ikafika hai miche 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mpwa wangu alitaka aolewe mahali ambapo damu yake imetoka jasho, na Mama alipoambiwa alilia kwa furaha. Ndiyo maana inaniuma kusema kwamba katika mipango yote tuliyoifanya kwa miezi minne, Mama ndiye tuliyemfikiria mwisho.

Kamati ilikutana kila Jumapili. Tulijadili kadi za singo na dabo, tulijadili kiasi cha mchango, tukabishana majuma mawili kuhusu maua. Usafiri uliandikwa mstari wa mwisho kwa maneno matatu: "Koasta, tutakodi baadaye." Hiyo baadaye ilifika siku tano kabla ya safari. Basi dogo lililozoea njia za mjini haliwezi tu kugeuza usukani na kuelekea mkoani. Linahitaji kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kwa safari ya nje ya njia yake, na mwenye gari wa kwanza hakuwa nacho. Tukapata gari la pili usiku wa Alhamisi, lenye viti vya kukunja katikati ya njia, na alfajiri ya Ijumaa, pale Magomeni, vijana wenye mabegi walikuwa wameshajipanga mbele. Mama, mwenye umri wa miaka 81, aliketi kiti cha nyuma kabisa, juu ya tairi. Nilimwona akiketi, nikanyamaza kwa sababu tulikuwa tumeshachelewa, na ukimya huo siuoni kuwa mdogo.

Safari yenyewe ni nzuri, na ninaisifu kwa dhati. Tuliifuata barabara ya Bagamoyo kisha tukakata kwenda Msata, kipande cha lami cha kilomita 64 kinachomwepusha msafiri na foleni ya malori ya Kibaha na Chalinze. Wanawake walianza kuimba kabla hatujamaliza Bunju, na kufikia Msata hata dereva alikuwa anaitikia. Tulivuka mto Wami kwa daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya mita 500, na wazee wakawakumbusha vijana lile daraja jembamba la zamani, ambalo gari moja lilisubiri lingine lipite na abiria wakasoma dua kimya kimya. Mkata, Kabuku, Segera. Baada ya Segera njia inageukia mashariki, hewa inaanza kunukia majani mabichi, na Muheza machungwa yamepangwa barabarani kwa mafungu. Ndani ya gari hilo mkwe na mkwe walikaa kiti kimoja kwa saa saba, wakapeana habari ambazo ukumbi wenye spika kubwa usingewaruhusu kupeana. Shemeji wawili waliokuwa hawasemezani tangu msiba wa mwaka juzi waligawana chungwa. Kama kuna sehemu ya harusi ile iliyotuunganisha kuwa ukoo mmoja, ilikuwa pale barabarani, na kwa hiyo siwezi kukubali kwamba usafiri ni gharama ya pembeni.

Hata hivyo, zaidi ya kilomita 350 ni nyingi kwa mtu wa miaka 81 anayeketi juu ya tairi. Kila kijiji kina kibao cha mwendo wa kilomita 50 kwa saa, jambo jema kwa usalama, lakini lenye maana kwamba safari hairefushwi na umbali peke yake. Tulisimama mara moja tu, Segera, dakika ishirini, kwa sababu tuliondoka kwa kuchelewa na dereva alitaka kufika mchana. Wazee watatu hawakunywa maji tangu alfajiri kwa kuogopa kuomba gari lisimame. Mama aliposhuka Kigombe, miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia tena. Wanawake wa kijiji walimpokea kwa vigelegele, mmoja akamtambua kwa jina la marehemu mama yake, na akapelekwa ndani akandwe miguu kwa maji ya moto. Jioni hiyo ya Ijumaa, ambayo tulikuwa tumepanga atuoneshe nyumba aliyozaliwa, aliipitisha kitandani.

Jumamosi ndiyo siku bahari ilipotufundisha kile ambacho tungeweza kukipata kwa kuuliza tu. Maharusi walikuwa wamechagua tarehe ya mwezi mpevu kwa makusudi, kwa sababu pwani ya Tanga inatazama mashariki na mwezi huo huchomoza majini wakati jua linatua nyuma ya minazi. Ni wazo zuri. Lakini mtu yeyote aliyelelewa pwani anajua kwamba mwezi mpevu, sawa na mwezi mwandamo, huleta bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, na kwamba katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa siku hizo huzidi mita 3. Wapambaji wetu kutoka Dar es Salaam walifika ufukweni saa nne asubuhi, wakati maji yako mbali kabisa, wakaona uwanja mpana wa mchanga mweupe, wakatandika zulia na kupanga viti. Shughuli iliandikwa kuanza saa kumi jioni.

Nilikuwepo alipokuja nahodha mmoja mzee, akasimama kando na kofia yake mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, hapa mlipoweka viti ni mahali pa maji. Yanakwenda kujaa hadi pale kwenye mivinje." Nilimpeleka kwa msimamizi wa mapambo, naye akamsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akaendelea na kazi, kwa kuwa mchoro ulikuwa umeshapitishwa na familia. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya adhuhuri, kwa utulivu. Saa tisa na nusu zulia lilikuwa limelowa nusu, na upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuta vitambaa. Waliotuokoa ni watu wa Kigombe. Hawakuitwa. Walikuja wanawake na vijana wa ngalawa, wakabeba viti kimoja kimoja hadi chini ya mivinje, wakafagia mahali, wakatandika mikeka yao wenyewe, na hapo ndipo bibi harusi alipoketi. Walianza vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, na Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa hasemi, aliimba mistari ambayo mimi binti yake sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

Watu hao walikuwa kwenye orodha yetu kama nini? Hawakuwepo. Wapishi tuliwaleta kutoka mjini, viti tulivibeba kwa lori, na samaki, naona haya kuandika hili, walisafiri kwenye barafu kutoka soko la Feri hadi kijiji cha wavuvi. Harusi ya namna hiyo inamfanya mwenye pwani kuwa mtazamaji uani kwake, na inamkosesha mwenye harusi ujuzi ambao fedha zake haziwezi kuununua dukani.

Vijana huniambia kwamba mambo haya ni ya kizamani, na kwamba harusi za mbali ni jambo jipya lenye taratibu zake. Si jipya hata kidogo. Wengi wetu wa Tanga tuna wajomba Pemba, na wajomba hao hawakutoka hewani. Watu walivuka mkondo kwa mashua kwenda kuoa na kuozwa. Mashua ya harusi haikung'oa nanga mpaka nahodha asome upepo na maji, na hakuna aliyeona kuwa siku ya bibi harusi imevunjiwa heshima kwa kungoja. Kutoka Kigombe hadi magofu ya Tongoni si mbali, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na ni katika maji ya huko, Mtangata ya zamani, ambako mwaka 1498 meli ya São Rafael katika msafara wa Vasco da Gama ilikwama kwenye fungu, ikasubiri maji yajae ndipo ielee. Mgeni asiyeuliza maji hukwama hapa tangu zamani hizo.

Mtoto wa kaka yangu anaoa Desemba, Bagamoyo, naye pia anataka ufukweni. Bagamoyo maji yakipwa huenda mbali sana, na mtu huweza kutembea muda mrefu kabla ya kulowa magoti, kwa hiyo kosa la kupanga huko linaweza kuwa la upande wa pili: wageni waketi mbele ya tope wakiitafuta bahari kwa macho. Katika kikao cha kwanza niliomba mambo matatu kabla ya kalamu kugusa karatasi ya bajeti. Tarehe iwekwe katika siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala kupwa sana, baada ya mvuvi wa hapo kuulizwa saa, wala si baada ya ukumbi kulipiwa. Wapishi na samaki wawe wa Bagamoyo. Na gari la wazee likodiwe sasa, lenye viti visivyokunjwa, likiwa na kibali chake na vituo vyake vilivyoandikwa, hata kama safari hii ni fupi. Mweka hazina alipinga hilo la tatu, akisema kwamba fedha za maua zitapungua. Mama alikuwepo kikaoni. Akamwambia, "Mwanangu, maua nitayaona nikifika," na mweka hazina akauandika usafiri wa wazee mstari wa kwanza.