Plau la theluji la nyumbani: chukua dogo, na usilinunue peke yako

Huku kusini mwa Buffalo, jimbo la New York, Septemba ikifika mazungumzo ya watu wetu nje ya kanisa huhamia kwenye jambo moja: plau, yaani bamba la kusukumia theluji linalofungwa mbele ya pikapu. Waliotangulia wanalo, waliofika karibuni wanalitamani, na wengi wetu tuliotoka Tanzania, Kongo na Burundi tunalichagua kwa macho. Lililo refu na zito ndilo linaloonekana la maana. Mimi nashikilia kwamba kwa nyumba ya kawaida dogo ndilo linalofaa, na nashikilia jingine zaidi: plau halikupaswa kuwa mali ya nyumba moja.

Walioko nyumbani huniuliza kwa nini mtu atumie maelfu ya dola kwa kitu kitakachoyeyuka chenyewe. Nawaelewa. Mimi nimekulia Uchagani, theluji tuliiona Kibo asubuhi kabla ya mawingu, ikakaa huko huko juu. Ya huku inatoka ziwani. Mwanzo wa majira ya baridi maji ya Ziwa Erie yanakuwa bado na joto, upepo mkali wa baridi unapita juu yake, unanyonya unyevu, kisha unaumwaga nchi kavu kwa mkanda mwembamba. Mtu wa Bukoba ataelewa haraka, maana naye anaishi na mvua inayoletwa na ziwa. Kwa sababu ya mkanda huo kitongoji kimoja kinafukiwa na cha pili kinaanika nguo. Novemba 2014 sehemu za kusini mwa Buffalo zilipata karibu futi 7 kwa siku chache, yaani zaidi ya mita 2. Novemba 2022 mji wa jirani wa Orchard Park ulipata inchi 80 hivi, na timu ya mpira wa Kimarekani ya Buffalo Bills ikahamishia mechi yake ya nyumbani Detroit. Desemba ya mwaka huo huo ikaja tufani ya theluji iliyoua watu zaidi ya 40 katika wilaya hii ya Erie.

Hizo ni siku za ajabu, na nitasema wazi kwamba siku za namna hiyo plau la nyumbani halikusaidii. Linafaa siku za kawaida, ambazo ni nyingi: inchi 6 usiku, inchi 10 wikiendi, na wewe zamu yako hospitali au kiwandani inaanza saa 12 asubuhi. Chukua njia ya gari ya mita 30 kwa mita 5, kutoka barabarani mpaka gereji. Ikilala sentimita 30 za theluji, hizo ni mita za ujazo 45. Theluji mpya, nyepesi kabisa, kwa kukadiria kilo 100 kwa mita ya ujazo, inakupa tani 4 na nusu. Hizo ndizo tani unazotaka kuzihamisha kwa chepe kabla ya kwenda kazini, kwenye baridi inayobana mishipa. Kila mwaka watu hushikwa na moyo wakiwa wameshika chepe, hasa wazee na wasiozoea kazi nzito. Kwa hiyo sibishani na mtu anayetaka mashine.

Nabishana naye anapofika kwenye uzito.

Kwetu tumezoea gari kubeba mpaka likatae lenyewe. Fuso linapanda Rombo limejaa kupita kimo chake, Hilux inabeba mifuko ya saruji mpaka springi zinageuka, na dereva akifika salama tunasema gari ni gumu. Tabia hiyo tumekuja nayo, na kwenye plau inagharimu. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango, kuna kibandiko. Tafuta herufi GAWR FR. Hapo mtengenezaji ameandika uzito wa juu kabisa ambao ekseli ya mbele inaruhusiwa kubeba. Kisha nenda kwenye mizani ya malori, ile ya vituo vikubwa vya mafuta kwenye barabara kuu, upime ekseli ya mbele ukiwa umejaza tangi na abiria wako kando yako. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo nafasi uliyonayo. Muuzaji mzuri atakuuliza habari hiyo kabla hujamuuliza bei. Asiyeuliza, muage.

Tena usitoe uzito wa plau kama ulivyo. Plau linaning'inia mbele ya ekseli, kwa hiyo linaikandamiza mbele na kuinua nyuma, kama mtoto mzito kwenye ncha ya bembea ya ubao. Tuseme plau lina kilo 200, liko mita 1.2 mbele ya ekseli, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 3.6. Mbele inaongezewa kilo 267 hivi, nyuma inapoteza kilo 67. Ndiyo maana ukinyanyua plau, gari jepesi linapepesuka kwenye barafu: tairi za nyuma hazina kitu cha kuzishikilia chini. Dawa yake ni mifuko ya mchanga, ifungwe imara nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, isitambae ukipiga breki.

Sasa ukijua hayo utaona mwenyewe kwamba plau la chuma la wakandarasi, lenye kilo 350 au 400, halina kazi kwenye pikapu kama Ford F-150 au Chevrolet Silverado 1500 ya mtu wa nyumbani. Linatafuna boljointi, linalaza springi, na siku ya kuuza gari fundi wa mnunuzi anachungulia chini mara moja tu anajua. Kampuni kama Western, Fisher, Boss, Meyer na SnowDogg zote zinatengeneza maplau mepesi ya pikapu ndogo na za kati. Anzia hapo. Na kama gari bado hujalinunua, uliza kama lilitoka kiwandani na maandalizi ya plau, maana baadhi ya matoleo huja na springi za mbele zenye nguvu zaidi na oltaneta kubwa. Pampu ya haidroliki inakula umeme. Betri iliyochoka itakuacha plau likiwa chini na wewe umeziba barabara.

Umbo la V wengi wanalipenda, na kweli linapasua theluji iliyoganda vizuri. Kwa njia ya gereji bamba moja lililonyooka linatosha kabisa. Lina sehemu chache za kuharibika, na ni jepesi. Upana ndio wa kufikiria. Bamba likigeuzwa upande kwa nyuzi 30, futi 7 na nusu zinabaki kama futi 6 na nusu za njia inayosafishwa. Hizo futi 6 na nusu lazima zizidi nafasi inayochukuliwa na tairi zako, la sivyo utakuwa unakanyaga theluji unayotaka kuisukuma, na ikishakanyagwa inageuka barafu. Zaidi ya hapo huhitaji upana.

Chuma au plastiki ngumu, hilo ni la mapendeleo. Theluji mbichi huteleza vizuri zaidi kwenye plastiki, na plastiki haishiki kutu. Mimi naangalia zaidi springi za kukwepa. Bamba likigonga jiwe au ukingo wa lami, aidha linakunjika lote kwenda mbele au unakunjika ule ukingo wake wa chini peke yake, kisha linarudi. Bila kitu hicho pigo lote linaingia kwenye chesisi na kwenye shingo yako. Njia yako ikiwa ya kokoto, nunua na viatu vya kulinyanyua kidogo, usije ukahamishia kokoto zote kwenye majani ya jirani.

Kuhusu la mitumba, tahadhari moja kubwa: plau unalolikuta linauzwa uani kwa mtu mara nyingi ni nusu ya kitu. Vyuma vya kushikia kwenye chesisi na nyaya za taa hutengenezwa kwa gari la aina fulani na mwaka fulani. Vya pikapu yake huenda visikubali kwenye yako, na kuvinunua upya pamoja na kazi ya fundi kunaweza kumaliza ile nafuu yote uliyoifurahia.

Sasa narudi kwenye lile la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Huku kuna jambo nalisifu bila kusita. Usiku wa theluji, mji unatoa magreda na malori yake kabla watu hawajaamka. Saa 10 alfajiri unasikia bamba la lori likikwaruza lami, chumvi inamwagwa, na basi la shule linapita. Kodi yako unaiona kwa macho. Kwetu masika ya Aprili ikishailoweka ile barabara ya udongo mwekundu, greda la halmashauri mnaweza kulisubiri mpaka kiangazi, na mama mjamzito anashushwa kwa machela. Hilo halina utetezi. Tungekuwa na nusu ya uhakika huu, vijijini kwetu watu wengi wasingepoteza maisha njiani.

Lakini lile lori likishapita linaacha tuta la theluji nzito yenye chumvi mdomoni mwa kila njia ya gari, na kuanzia hapo kila nyumba ni nchi yake. Kila mtu anatoka na mashine yake, anasafisha mstari wake, anaingia ndani. Mjane mwenye miaka themanini na kijana mwenye pikapu wanaishi mita 20 kati yao, na yule mjane anasubiri mkandarasi atakayemlipa kwa msimu mzima. Tuseme mtaa una nyumba 12 na kila moja ina mashine ya kupuliza theluji ya dola 1,500. Hizo ni dola 18,000 zimelala gereji sehemu kubwa ya mwaka. Plau zuri jepesi, jipya, pamoja na kufungwa, liko kwenye dola 5,000 mpaka 8,000 hivi.

Nyumbani mfereji wa maji ukibomoka huko juu, hakuna anayesafisha kipande kinachopita shambani kwake tu. Inapigwa msaragambo, mnapanda wote, na asiyefika bila sababu analipa faini. Gari likikwama kwenye tope hujaita mtu, watu wameshatoka migombani na majembe. Sisi tuliokulia hivyo ndio tungekuwa wa kwanza kununua plau moja kwa nyumba nne. Badala yake tunafika huku na kuiga haraka kila mtu na lake, na kila mmoja anabeba mkopo wake.

Najua pingamizi. La kwanza ni bima, na ni la kweli. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haigharamii kazi ya biashara. Ukianza kupokea malipo ya kusafisha kwa jirani, siku utakapogonga gereji yake kampuni inaweza kukukatalia. Kwa hiyo kabla ya msimu mpigie wakala wako, mweleze mpango mzima, hata ule wa jirani kuchangia mafuta, na jibu alitoe kwa maandishi. La pili ni nani aanziwe. Mkubaliane mapema: anayewahi zamu kwanza, mgonjwa na mzee baada yake, mwenye gari mwisho au mwanzo kama ndiye anayewahi. La tatu ni uharibifu, na hilo linapungua sana mkichomeka vijiti vya rangi kando ya njia zote kabla ardhi haijaganda.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Usingoje theluji iishe. Toka kila zinapofika inchi 4 au 6, maana springi na giaboksi zinaumizwa na mlima uliosubiriwa mpaka asubuhi. Mlangoni mwa gereji shusha bamba, uvute kinyumenyume kwanza, ndipo ugeuze usukume. Nenda polepole, maili 10 kwa saa ni nyingi tayari. Tuta la kwanza la msimu lisukume mbali kabisa na njia, kwa sababu litaganda pale ulipoliacha, na kufika Februari njia ya magari mawili inakuwa ya baiskeli. Usivushe theluji yako ukaiacha barabarani, sheria inakataza na dereva wa nyuma yako anaweza kufa. Ukisafiri na plau barabara kuu, liweke kimo ambacho halizuii hewa kufika kwenye rejeta na halifuniki taa, na usikimbie. Msimu ukiisha livue, lioshe chumvi, badilisha mafuta ya haidroliki, paka grisi kwenye plagi za nyaya.

Novemba mafundi wanakuwa wamejaa na theluji ya kwanza imeshadondoka, kwa hiyo haya yafanyike sasa. Ongea na majirani watatu, Wamarekani nao ni watu wa kuongea nao ukianza wewe. Piga picha kibandiko cha mlango wa pikapu itakayobeba kazi, pimeni njia zenu zote kwa hatua, andikeni ipi ni lami na ipi ni kokoto, mwende kwa muuzaji pamoja na karatasi hiyo mkononi.