Anson Dorrance, kocha aliyebaki chuoni kwake

Anson Dorrance alipostaafu Agosti 2024, siku chache kabla msimu haujaanza, kilichosemwa zaidi ni mataji: 21 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, jingine la AIAW, chama cha michezo ya wanawake vyuoni, mwaka 1981, na mechi zaidi ya 900 alizoshinda na timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Kwa soka ya wanawake ya vyuo vya Marekani hakuna anayemkaribia. Lakini makombe yenyewe si jambo ninalomheshimia zaidi. Ninachomheshimia ni mazoezi yake, na namna alivyowafundisha wasichana kwamba kutaka kushinda si utovu wa adabu.

Alizaliwa Bombay mwaka 1951. Baba yake alifanya kazi katika kampuni ya mafuta, kwa hiyo familia ilihamahama, na sehemu ya utoto wake ilipita Kenya na Ethiopia. Kijana aliyekulia safarini namna hiyo alifika mji mdogo wa Chapel Hill, kilipo Chuo Kikuu cha North Carolina, akachezea timu ya soka ya chuo hicho, akahitimu mwaka 1974, na hakuondoka tena. Alikuwa amekwishaanza kusomea sheria wakati kocha wake wa zamani, Marvin Allen, alipokaribia kustaafu. Mwaka 1977 akakabidhiwa timu ya wanaume. Miaka miwili baadaye mkurugenzi wa michezo, Bill Cobey, akamwongezea timu mpya ya wanawake, na akazifundisha zote mbili hadi mwaka 1988. Sheria ikawekwa kando.

Tusimpe sifa zisizo zake. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ndiyo iliyofungua mlango, kwa kukataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vingi viliitekeleza kwa kujivuta. North Carolina iliwahi, na aliyewahi alikuta ushindani mdogo: mashindano ya kwanza ya NCAA ya wanawake, mwaka 1982, yalikuwa na timu 12 tu. Ukitazama mataji ya miaka ile bila kukumbuka hilo, unajidanganya. Hata hivyo, kuwahi peke yake hakuelezi mataji tisa mfululizo kuanzia 1986 hadi 1994, wakati vyuo vingine vilikuwa vimeamka na vilitaka kumwangusha kwa kila njia.

Maelezo yako uwanjani, siku za katikati ya wiki. Dorrance alivutiwa na mazoezi ya Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho, yule aliyemfundisha Michael Jordan. Pale kila kitu kiliandikwa. Naye akaanza kuandika. Mbio, kupiga golini, mmoja dhidi ya mmoja, mechi ndogo za wachezaji wachache: kila zoezi lilikuwa na aliyeshinda na aliyeshindwa, matokeo yakahifadhiwa, na orodha ikabandikwa ili kila mchezaji ajue yuko nafasi ya ngapi.

Wapo wanaoona huo ni ukatili. Siafiki. April Heinrichs alipojiunga na timu mwaka 1983, alikuwa akipambana mazoezini kama yuko fainali, na wenzake wakaenda kwa kocha kumlalamikia. Kocha mwingine angemwambia binti apunguze makali ili kambi itulie. Dorrance hakumpunguza; aliona wengine ndio wanaotakiwa kumfikia. Binti wengi wamelelewa kuambiwa kuwa kumshinda rafiki ni kumkosea. Kumpa msichana mahali ambapo anaweza kumwangusha rafiki yake alasiri kisha wakala pamoja jioni, bila kinyongo, ni malezi makubwa kuliko kombe. Heinrichs huyo ndiye aliyekuwa nahodha wa Marekani ilipotwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, Guangzhou, Novemba 1991, kwa kuifunga Norway 2–1. Kocha wa taifa alikuwa Dorrance, na nusu ya wachezaji 18 walikuwa wametoka kwenye mazoezi ya Chapel Hill, Mia Hamm na Kristine Lilly wakiwemo.

Kuna upande mwingine, na anayemsifu bila kuutaja hatendi haki. Mwaka 1998 wachezaji wake wawili wa zamani walimfungulia mashtaka ya unyanyasaji wa kijinsia. Alikana kumnyanyasa yeyote, lakini alikiri kushiriki utani wa mambo ya kimapenzi na wachezaji wake, na akaomba radhi kwa maandishi. Shauri moja lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2004, la pili mwaka 2008, chuo kikilipa dola 385,000. Kwangu hili ni zito. Kocha ndiye anayeamua nani acheze na nani apewe ufadhili wa masomo. Msichana wa miaka 18 atamwambia nani kwamba utani ule haumpendezi? Kadiri kocha anavyokaa na kushinda ndivyo watu wanavyoacha kumuuliza maswali, na chuo kilichomlea mwenyewe kilipaswa kuwa cha kwanza kuuliza.

Baada ya taji la 2012 kombe halikurudi mikononi mwake. Alipoteza fainali ya 2018 mbele ya Florida State, ya 2019 kwa penalti dhidi ya Stanford, na ya 2022 aliyokuwa akiongoza 2–0 kabla UCLA haijashinda 3–2. Wengi walisema muda wake umepita. Mimi naiona miaka hiyo kwa jicho jingine. Alessia Russo na Lotte Wubben-Moy walikuwa Chapel Hill katika kipindi hicho cha ukame. Lucy Bronze aliwatangulia na kubeba taji la 2009. Wote watatu walikuwa kwenye kikosi cha Uingereza kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2022. Kazi ya mazoezi ilikuwa inaendelea hata pale kabati la makombe lilipokuwa halipokei kitu.

Alipoondoka, timu ilichukuliwa na msaidizi wake, Damon Nahas, kwanza kama kocha wa muda. Desemba ileile North Carolina ikaifunga Wake Forest 1–0 na kuwa bingwa, taji lililokuwa limemkwepa Dorrance kwa miaka 12. Kuna waliolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba alichelewa kuondoka, na huenda wana hoja. Lakini wachezaji wale ni yeye aliyewakusanya, na Nahas alikuwa amefanya kazi kando yake miaka mingi. Kwa hesabu yangu, taji lile nalo lina jasho lake.