Abiria wa Nne

Kila tarehe 14 ya mwezi, jua likishatua, mimi si mtu wa kusemeshwa. Mke wangu ashanizoea. Ananiwekea chai na kujiondokea taratibu, asije akaulizwa jambo. Hiyo ndiyo siku EPRA, wadhibiti wa nishati hapa Kenya, wanatangaza bei za mafuta za mwezi mzima, na ikigonga saa sita usiku bei mpya ishaanza kazi. Wenzangu husubiri matokeo ya mpira. Mimi na tuktuk yangu tunasubiri matokeo ya petroli, na timu yetu hufungwa hata ikicheza nyumbani.

Tarehe 14 Julai 2025 ndiyo ilinitoa roho. Petroli ilipanda kwa shilingi 8 na senti 99. Senti 99! Yaani kuna mtu alikaa pahala, akaona tisa kamili itatuumiza, akatuhurumia kwa senti moja. Senti yenyewe mara ya mwisho niliiona nikiwa mdogo, ina tundu katikati.

Nilitoka mbio kwenda kujaza kabla ya saa sita. Nikakuta Mombasa yote iko pale: bodaboda, matatu, bwana mmoja kabeba madumu mawili na uso wa mtu anayekwenda kuteka maji tu. Nikapanga foleni, nikasukuma tuktuk kwa mkono kuokoa yale yaliyobaki kwenye tangi. Wamebaki watatu mbele yangu, kijana wa pampu akapiga miayo akasema, “Subirini kidogo ami zangu, mashine imeganda.” Mashine ikaganda kwa dakika ishirini na tano. Ilipozinduka, ilizinduka na bei mpya. Mashine yenye akili kama hiyo ingekuwa ni mtoto wangu, ningempeleka chuo kikuu.

Na uchungu zaidi, yakhe, sisi ndio tunaoishi mlangoni. Mafuta ya nchi hii yanashukia hapa hapa bandarini Kipevu. Juzi niko Likoni, feri imezuiwa kupisha meli ya mafuta. Meli ndefu, inapita pole pole kama bibi harusi, na sisi tumesimama juani tukiitazama. Nikaihesabu kwa macho: lita, lita, lita. Nimevuka ng’ambo nikaingia kujaza, bango linaniambia bei iko juu kwa sababu mafuta yanatoka mbali. Mbali wapi? Nimeyaona kwa macho yangu, bado kidogo tuamkiane! Mtu wa Nairobi anayapata baada ya kupita kwenye bomba hadi bara, na tofauti yake na mimi ni kama shilingi tatu tu kwa lita. Shilingi tatu ndiyo zawadi yetu ya kunusa moshi. Zamani tulikuwa hata na kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi pale Changamwe, nacho kikaacha kusafisha mwaka 2013.

Sasa nani mwenye makosa? Hilo ndilo linalovunja baraza letu la kahawa kila mwezi. Kuna mzee mmoja mstaafu wa bandari, yeye shutuma zake zote ni kwa makampuni. Anakuambia mwaka 2022, vita vya Ukraine vimepandisha bei, Aramco ya Saudia ilipata faida ya dola bilioni 161 na ExxonMobil ya Marekani dola bilioni 55.7. Anazitaja namba hizo kwa uchungu, kama mtu aliyewakopesha na hawajamlipa. Halafu anamalizia: “Na tangu 2023 serikali yetu inachukua mafuta kwa hao hao wa Ghuba, kwa mkopo wa siku 180!” Hapo ndipo na mimi huwaka. Siku 180! Mimi nikimwambia kijana wa pampu niandikie hadi kesho asubuhi, ananinyooshea kidole ukutani: MKOPO LEO HAKUNA. Kesho yake nikirudi, maandishi ni yale yale.

Upande wa pili kuna mwalimu wa hesabu. Huyu ananyamaza, anakunywa tungu yake, anatafuna kashata, kisha anageuza karatasi ya pakiti ya sigara na kuomba kalamu. Ukiona mwalimu ameomba kalamu, ondoka. Mimi sikuondoka.

“Chukua bei ya Nairobi ya Juni 2025,” akasema, “177.32 kwa lita. Ushuru wa bidhaa, 21.95. Tozo ya matengenezo ya barabara, 25. Ilikuwa 18 hadi Julai 2024. Tozo ya maendeleo ya petroli, 5.40, kabla ya 2020 ilikuwa senti 40. Ya mdhibiti, senti 75. Ya usafiri wa majini, senti tatu.”

“Senti tatu za nini?”

“Za meli.”

“Mimi naendesha tuktuk!”

“Tulia. Bado VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16.” Hii VAT naikumbuka kama mwaka wa harusi yangu. Ilipoingia kwenye mafuta Septemba 2018 tuliambiwa tushukuru, imekatwa hadi asilimia 8. Tukashukuru. Julai 2023 ikarudi kuchukua nusu yake iliyobaki. Na usidhani inatozwa juu ya mafuta peke yake; inapigwa juu ya mafuta pamoja na ushuru wote ulioshapigwa. Unalipia kodi kodi yake. Mwalimu akaandika 24.46, akapiga mstari, akajumlisha: shilingi 77 na senti 59, na bado hajagusa ya reli wala ya forodha.

“Na kampuni inayoniuzia?”

Akasema kwa miaka mingi kiwango chao cha kuendesha biashara na kupata faida, kilichowekwa kwenye bei, kilikuwa shilingi 12 na senti zake kwa lita, mpaka walipoongezewa mwaka 2025. Mzee wa bandari akaruka: hao ni wauzaji wa hapa, wakubwa wenyewe wanakula kule kwenye visima, kabla meli haijang’oa nanga! Mwalimu akasema hata kule visimani mwenye kisima ni serikali ya watu. Wakaanza kupigiana kelele, kahawa ikamwagika kwenye kanzu ya mtu asiyehusika.

Mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa nazidisha. Mimi kwa siku natumia lita tano. Mara 77.59, ni shilingi 388. Tuktuk yangu imeandikishwa kubeba abiria watatu, na askari akikuta wanne, unamjua mwenyewe. Kumbe miaka yote nimebeba wa nne! Yuko kule nyuma kila siku, alfajiri hadi usiku, hashuki, halipi nauli, na jioni mimi ndiye ninayemlipa yeye 388.

Na katika hizo, shilingi 125 kila siku ni za barabara. Ungekuja nikuonyeshe barabara. Kuna shimo moja karibu na stendi yetu, limekuwa hapo tangu mwanangu wa kwanza hajaanza shule. Mvua ikinyesha bata wanaoga. Limenila shokomzoba mbili na jino la abiria mmoja. Nikipiga hesabu, lile shimo nishalilipia kuliko nilivyomlipia mke wangu mahari, na mke wangu angalau nilikabidhiwa.

Mke naye ana kesi yake. Mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ati watu wasiyachanganye na dizeli. Stovu yake ina utambi, haina injini. Anauliza yeye anachanganya na nini, na maharagwe?

Basi kesho yake nikaingia kazini na sumu yangu. Kila abiria namsomea: bidhaa, barabara, meli, reli. Nikampakia bibi mmoja wa buibui pale Mwembe Tayari, anakwenda Kizingo, kapu la samaki magotini. Nikamwambia nauli 250, akaguna. Nikamfungulia kitabu chote, kuanzia Aramco hadi senti tatu za meli. Nikamaliza kwa kusema, “Hawa watu, mama, bei ikipanda duniani wanapandisha siku hiyo hiyo. Ikishuka, wanakuambia wana shehena ya zamani. Hawana haya!”

Bibi akanyamaza hadi karibu na Makadara. Kisha akasema, “Mwanangu, Oktoba 2023 petroli ya Nairobi ilikuwa 217.36, sivyo?”

“Ndiyo mama. Ilituua.”

“Ndipo mkapandisha hapa kutoka 200 hadi 250.”

“Tungefanyaje, mama.”

“Aprili 2025 ikashuka hadi 174.63. Hiyo ni shilingi 42 na senti 73 kwa lita.” Alikuwa hana kalamu wala pakiti ya sigara. “Nami nilipanda tuktuk Aprili. Nililipa 250.”

Nikajaribu kukwepa shimo, sikulikwepa. Samaki mmoja akaruka kapuni.

“Mama, kuna tairi pia,” nikasema. “Tairi zimepanda. Na bima. Na ile Aprili, nilikuwa bado nina mafuta ya zamani kwenye tangi.”

“Tangu Oktoba?”

Tukafika Kizingo. Akahesabu noti mbili za mia, akanipa, akaokota samaki wake. Nikabaki nimenyoosha mkono.

“Mama, imebaki hamsini.”

“Mwambie huyo wa nne akulipe,” akasema, akaingia ndani.