Mnyauko wa tikiti: tufukize udongo au tubebeshe miche?

Tikitimaji lenye mnyauko humdanganya mkulima. Saa sita mchana majani yamelegea, jioni yanajikaza, naye anadhani ni kiu tu. Baada ya siku chache upande mmoja wa mmea umelala na matunda yako ukubwa wa ngumi. Pasua shina karibu na ardhi. Mishipa ikiwa ya kahawia, shuku fusariamu, kuvu inayoweza kujificha udongoni zaidi ya miaka 10 ikisubiri tikiti lingine.

Wanaotetea dawa ya kufukiza udongo wana hoja. Metamu sodiamu ikiingia kwenye udongo wenye unyevu hugeuka gesi, ikaua kuvu, minyoo ya mizizi na mbegu za magugu kwa mpigo, na baada ya wiki chache unapanda. Lakini gesi hiyo haichagui. Inafyeka hata kuvu rafiki zinazopambana na fusariamu. Ugonjwa ukirudi, unakuta nyumba haina mwenyewe. Na tambarare ya Kano, karibu na Kisumu, utarudi tu: Mto Nyando ukivunja kingo, maji hubeba udongo wa jirani hadi kwako bila kuuliza umetumia pesa ngapi. Isitoshe, gesi hiyo inataka barakoa maalumu na watu waliofunzwa, si gamboti na pampu ya mgongoni. Mashamba ya maua ya Naivasha yalipolazimika kuachana na methili bromidi, gesi nyingine ya kufukiza, ambayo Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni uliyapa mataifa yanayoendelea hadi 2015 kuiacha, mengine yaligeukia mvuke wa moto au kupanda nje ya udongo kabisa. Hayo ni mambo ya wenye mtaji.

Mimi naegemea kubebesha: tikiti juu, mizizi ya boga au mung'unye chini. Wajapani walianza hivyo miaka ya 1920, kwa sababu fusariamu ya tikiti haiwezi mizizi ya boga. Miche hukatwa kwa wembe safi, huunganishwa kwa kibanio, kisha hukaa kivulini chini ya nailoni yenye unyevu kama wiki moja. Kasoro zipo. Mche ni ghali kuliko mbegu, boga lisilofaa huharibu ladha na nyama ya tunda, na mung'unye una fusariamu yake yenyewe. Tena wengi huharibu kazi siku ya kupanda kwa kufukia kiungo: tikiti likitoa mizizi yake hapo, ugonjwa umepata mlango.

Kuanika udongo wenye maji chini ya nailoni angavu kwa wiki 4 hadi 6 kunaweza kusaidia Kisumu, Januari na Februari. Nakuru, kwenye baridi zaidi, singetegemea njia hiyo.

Kinachonivutia zaidi kiko Ahero, kwenye mashamba ya mpunga ya tambarare hiyo ya Kano. Maji yakisimama kwenye jaruba la mpunga, hewa huisha udongoni na fusariamu hupungua. Unaweza kuharakisha kwa molasi kutoka viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil: changanya na maji, lowesha udongo, funika kwa nailoni wiki tatu hivi. Bakteria hula sukari, humaliza hewa na kutoa asidi zinazoua kuvu. (Utashindania molasi hiyo na wafugaji, na wapika chang'aa pia.) Ila tusijidanganye. Wakulima wa ndizi wa Honduras walifurika mashamba kupigana na fusariamu ya ndizi, na baadaye ugonjwa ukarejea.

Ugumu halisi ni wa kukodi. Anayelima tikiti kwa msimu mmoja hana sababu ya kuponya udongo utakaomfaidi mwingine. Kwake mche uliobebeshwa, au mbegu inayostahimili fusariamu, ndiyo hesabu inayoingia. Mwenye ardhi ndiye wa kuweka mpunga na molasi. Aliyekodi aulize kwanza palipandwa nini hapo awali, na amuulize jirani badala ya mwenye shamba.