Bwana Tucke-Tucke na kilomita 15 kwa siku

Watu wakianza stori za magari ya zamani huu ubishi lazima urudi, kuhusu wale jamaa wa mwanzo kabisa waliokatiza mabara kwa gari. Wengine wanakwambia hao ndo wanaume, wamefungua njia, wengine wanasema hamna kitu pale, gari lilisukumwa na kubebwa na watu halafu mmoja akapigwa picha. Mimi huu ubishi nautazama kwa safari moja tu, na ilianzia hapahapa Dar.

Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani anaitwa Paul Graetz, aliyewahi kuwa ofisa kwenye jeshi lao la kikoloni, alitoka Dar es Salaam na gari akaelekea bara. Alikuwa anataka kutokea Swakopmund, upande wa Atlantiki, Namibia ya leo. Na alitokea kweli, tarehe 1 Mei 1909. Mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari kutoka bahari hii mpaka ile, hapo hakuna cha kubishana.

Sasa piga hesabu. Siku 630, kilomita kama 9,500. Ni kilomita 15 tu kwa siku! Misafara ya wapagazi ya Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa inakwenda mwendo wa kukaribiana na huo, kwa miguu, mzigo kichwani, na mpagazi hakai anasubiri spea kutoka Ujerumani. Najua mtu atasema wastani huo umemeza na zile siku gari lilikuwa limelala bovu, sawa, ila siku za ubovu nazo ni za safari, huwezi kuzifuta kwa sababu zinakuharibia stori.

Halafu hilo gari lilikuwa linakunywa nini njiani? 1907 hakuna sheli Mpwapwa. Reli ya kati ndo kwanza ilikuwa inajengwa, ilifika Morogoro mwishoni mwa mwaka huohuo. Mafuta yalibidi yatangulizwe, na kutoka pwani kwenda bara kwenye mbung'o wanaoua ng'ombe na punda, mzigo ulikuwa na usafiri mmoja tu, kichwa cha mtu. Debe moja la lita 18 la petroli lina uzito kama kilo 13, madebe mawili ukiongeza bati na boksi la mbao unapata kilo 30 hivi, na hiyo ndo ilikuwa karibu kabisa na mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja. Yani kabla gari halijafika sehemu, kuna mtu keshafika hapo na mafuta yake kichwani, na nchi yenyewe ndo kwanza inatoka kwenye vita vya Maji Maji. Kwenye masimulizi yanayorudiwarudiwa huyo mtu hatajwi jina.

Ila wenyeji wa njiani nao walimpa Graetz jina, Bwana Tucke-Tucke, ndivyo Wajerumani walivyoliandika, mimi naliona ni mlio wa injini tu. Leo ukishuka Mombasa kuna tuktuk kila kona, nacheka kila nikikumbuka.

Lakini kambi ya wanaowasifu hao jamaa nayo msiibeze haraka. Lile gari halikuwa la kuokotwa dukani, liliagizwa maalumu kiwanda cha Gaggenau, Ujerumani, magurudumu makubwa, tumbo limeinuliwa juu ili lisisuguliwe na visiki, kitu ambacho leo kila anayenunua gari la kijijini anauliza kwanza. Kiwanda hichohicho cha Gaggenau baadaye ndo kilikuja kutengeneza Unimog, lile lori la kupita njia mbovu. Sisemi Unimog imezaliwa na Graetz, nasema tu kwamba aliyewahi kunasa kwenye matope ya masika, akachimba kwa jembe, akatandika matawi chini ya tairi, akatoka, akanasa tena mita mia mbili mbele, hawezi kusema siku 630 za hivyo ni mchezo. Wengi wangeliacha gari porini wiki ya pili.

Kuna kitu kingine kinanifurahisha. Siku ileile, 10 Agosti 1907, Prince Scipione Borghese wa Italia alikuwa anaingia Paris na gari lake aina ya Itala akitokea Peking, Beijing ya leo, karibu kilomita 15,000 kwa miezi miwili. Ukiweka namba pembeni kwa pembeni Graetz anaonekana konokono. Ila Borghese alikuwa na reli ya Siberia ya kumsogezea mafuta, kuna mahali karibu na ziwa Baikal alipita na gari juu ya reli yenyewe, na kwenye milima ya kutoka Peking Itala ilikokotwa kwa kamba na vibarua na nyumbu. Kabla ya hapo alitangulia na farasi ameshika mwanzi uliokatwa sawa na upana wa gari, anapima kama litapita kwenye miamba, na hiyo mimi naiita akili. Usukani mara nyingi ulikuwa kwa fundi wake, Ettore Guizzardi. Angalau huyu tunamjua jina.

Kwahiyo mimi nasimama wapi? Wanaosema hawa jamaa hawakufanya kitu naona wanakosea, kazi ilifanyika na ilikuwa ngumu kweli. Ninachokataa ni ile sentensi ya "gari limevuka Afrika". Mwaka 1907 gari halikuwa na uwezo huo, lilivushwa, na Citroën, kampuni ya magari ya Ufaransa, walipokuja na msafara wao mkubwa 1924 bado ilibidi utawala wa kikoloni wa Congo uwatoe watu wafyeke msitu magari yapate pa kupita. Rekodi aandikiwe Graetz, sina shida, ila msafara mzima nao uandikwe.

Na jamaa hakukoma. 1911 alirudi Afrika na boti ya mota, imeitwa Sarotti, jina la kampuni ya chokoleti iliyomdhamini. Safari hiyo Mfaransa aliyekuwa naye, Octave Fière, mpiga picha, aliuawa na nyati. Graetz mwenyewe akajeruhiwa, na bado akaendelea mpaka Atlantiki. Hapo sijui umwite jasiri au umwite kichaa, mvivu tu ndo hakuwa.