Hodi Mia Moja

Mimi na MySQL, programu ya kutunza data, tulinuniana siku nzima, na kumbe ugomvi wenyewe ulikuwa wa adabu.

Tulikuwa na klasta, yaani kundi, la seva tatu za MySQL, na mbele yake HAProxy, lodi balansa inayogawa kazi ili seva moja isielemewe huku nyingine zinapiga miayo. Mfumo ulikuwa haujafunguliwa kwa watumiaji. Nilitakiwa tu kumwonyesha bosi kwamba unapokea miunganisho.

Nikajaribu, ukapokea. Nikarudia mara kumi, safi. Nikaenda kumwita bosi, nikamkuta kwenye simu, nikasubiri. Tulipofika nikabonyeza kwa madaha. Ukagoma.

"Sasa hivi ulikuwa unapokea, mkuu."

"Nitaamini nikiona."

Nikazima na kuwasha seva zote tatu. Ukapokea. Nikamfuata mbio, tukarudi, umegoma. Mara ya tatu hakuinuka hata kwenye kiti.

Nikaamua ni mtandao, maana usipojua tatizo, msingizie mtandao. MySQL inasikiliza 127.0.0.1, anwani ya seva kujiongelesha yenyewe, peke yake? Hapana. Poti 3306, mlango wa MySQL, imefungwa? Iko wazi. Nikahamia kwenye faiawoli, mlinzi wa nani aingie na nani asiingie, nikaandika sheria moja kwa kujiamini kabisa, na skrini ikaganda papo hapo. Nilikuwa nimejifungia nje. Ikabidi niende kwa miguu hadi chumba cha seva, nikipita mlangoni kwa bosi na kibodi kwapani kama mwizi wa mchana.

Na muda wote huo ukurasa wa HAProxy unaoonyesha hali ya seva ulikuwa wa kijani. Seva zote nzima, eti!

Jioni ndipo nilipolisoma kosa lote hadi mwisho, si nusu kama kawaida yangu. Namba 1129: huyu anayekuja amezuiwa, amekosea kuunganisha mara nyingi mno. Nikaitazama anwani ya mkosaji. Ni lodi balansa yetu wenyewe.

Kila sekunde 2 ilikuwa inabisha hodi kwenye kila seva, kujua kama iko hai. MySQL inafungua, inasema karibu, mgeni ameshatoka mbio kama mtoto anayebonyeza kengele za watu. MySQL nayo inahesabu. Hodi 100 mfululizo za namna hiyo, mgeni huyo haingii tena. Yaani sekunde 200, dakika 3 na sekunde 20, muda uleule wa kwenda kumwita bosi na kurudi naye. Nikikaa najaribu mwenyewe, kila muunganisho uliofanikiwa unairudisha hesabu kwenye sifuri. HAProxy yenyewe haikuwa na habari: mlango ukifunguliwa tu, hata kama ni kwa kufukuzwa, inaandika salama.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye faili la mipangilio la HAProxy, mysql-check, hodi inayojua lugha ya MySQL, na mtumiaji asiye na nywila wala ruhusa ya kugusa chochote, ili lodi balansa ikibisha hodi iingie, isalimie, iage.

Bosi akaja, akakaa kwenye kiti changu, akaniamuru nisiguse kitu, akawa anatazama saa. Dakika tatu. Tatu na nusu. Nne. Akabonyeza mwenyewe, ukapokea.

"Na ile hodi ya zamani, nani aliiweka?"

Faili lilikuwa bado wazi kwenye skrini. Juu ya mstari wa zamani kulikuwa na jina langu, na maneno: "Usiguse. Nimeshajaribu, iko vizuri."